Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Fedha na Biashara: Tozo za Bidhaa za Jirani Zinatufungia Maduka Pemba

Wete, Pemba

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya fedha na ya biashara,
Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nakala: Wabunge wetu katika Bunge la Afrika Mashariki, Waheshimiwa Wawakilishi wa majimbo ya Pemba.

YAH: TOZO MPYA KWA BIDHAA ZA NCHI JIRANI NA HALI YA WAFANYABIASHARA WADOGO WA VISIWANI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa Wete. Nanunua dagaa wakavu na papa wa chumvi kwa wavuvi na wachemshaji wa kaskazini ya Pemba, napeleka Mombasa, na fedha ya mauzo hairudi mikono mitupu. Inarudi sabuni, biskuti, mabeseni ya plastiki, madaftari ya skuli na vyengine vya dukani. Biashara hii sikuianzisha mimi. Kutoka Wete, Shimoni ya Kenya iko karibu kuliko Unguja Mjini, na watu wa kisiwa hiki wamekuwa wakivuka bahari ile tangu mpaka haujachorwa. Wako ndugu zetu waliobaki upande wa pili kwa vizazi kadhaa, na mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba wa pwani yake kuwa raia. Nikisema nchi jirani, basi, nawasema watu tunaooana nao na kuzikana.

Hadi kufika kuandika hadharani tumeshagonga milango tuliyoijua. Tumeandika barua, zikapokelewa, zikapigwa muhuri, hazikujibiwa. Tumeitwa kwenye vikao vya wadau, tukasema, ikaandikwa, tukapewa chai na kuagwa. Ukiuliza ofisi ya upande mmoja unaambiwa suala hili ni la Muungano. Ukenda kwa wa Muungano unaambiwa biashara ya Zanzibar ina wizara yake. Tumechoka kupigwa danadana. Naomba msome barua hii kwa moyo uleule niliouandikia, wa heshima kwa vyeo vyenu na wa kutaka kuona biashara halali inabaki halali.

Niseme mapema pia kwamba sipingi kodi. Kodi nalipa, leseni ninayo, stakabadhi nazihifadhi. Ninachokilalamikia ni kutozwa kwa kitu ambacho nchi yetu yenyewe iliweka saini kwamba hakitatozwa.

1. Ushuru uliofutwa umerudi kama tozo

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Machi 2004, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Ibara yake ya 10 inazitaka nchi wanachama ziondoe ushuru baina yao pamoja na tozo nyengine zote zenye athari sawa na ushuru. Ibara ya 15 inakataza bidhaa ya mwanachama mwenzako kutozwa kodi ya ndani kubwa kuliko ile unayoitoza bidhaa ya aina hiyo iliyotengenezwa kwako. Ikatolewa miaka mitano ya kupunguza kidogokidogo, na ilipofika 2010 bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa na cheti chake cha asili, yaani hati ya kuthibitisha ilikotoka, ilitakiwa ivuke kwa ushuru sifuri.

Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikaleta tozo ya maendeleo ya viwanda, asilimia 10 kwa baadhi ya bidhaa zinazoingizwa na asilimia 15 kwa nyengine, na bidhaa za Kenya hazikusalimika. Julai ya mwaka huohuo Kenya ikalalamika hadharani kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume na makubaliano ya Jumuiya. Mimi si mwanasheria, lakini nimeisoma Ibara ya 10 na sioni tozo ya namna hii itapitia wapi. Mzigo unatozwa kwa sababu umetoka nje. Ule uliotengenezwa ndani hautozwi. Huo ni ushuru.

Nitaambiwa kwamba fedha hiyo inalipwa Bara, na mimi wa Pemba inanihusu nini. Inanihusu, kwa sababu si kila mzigo naufuata Mombasa mwenyewe. Bahari ikichafuka au mtaji ukipungua tunanunua kwa jumla Tanga na Kariakoo, na kilicholipwa mpakani Horohoro au Namanga tunakikuta ndani ya bei. Chukueni mzigo wa shilingi 1,000,000. Bila tozo, ukiweka kodi ya ongezeko la thamani ya Bara, asilimia 18, unafika 1,180,000. Ukiweka tozo ya asilimia 15 kwanza, mzigo unakuwa 1,150,000, halafu ile asilimia 18 inakokotolewa juu ya hiyo, kwa hiyo kodi inaitoza na tozo pia. Jumla inakuwa 1,357,000. Shilingi 177,000 zimeongezeka kabla ya nauli, kabla ya wachukuzi, kabla ya katoni iliyolowa njiani.

Sasa njooni dukani kwangu. Sabuni ya mche naikata vipande, kwa sababu wateja wengi hawanunui mche mzima. Mama anasimama mbele ya meza na sarafu mkononi, ameshazihesabu toka nyumbani: hizi za sabuni, hizi za chumvi, hizi za kibiriti. Hakuna pahala pa kuiingiza asilimia 15 katika sarafu zile. Nikipandisha bei anaacha kununua. Nikikata kipande kidogo zaidi ananiona tapeli, na ana haki. Kwa hiyo mwenye duka anaila hasara mwenyewe mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anapunguza mzigo, na baadaye unaona kufuli mlangoni. Wenye maduka mtaani kwetu waliofunga hawakufunga kwa uvivu.

2. Kima kinabadilika mzigo ukiwa baharini

Nchi zetu husoma bajeti zao siku moja mwezi wa Juni, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Kwa mwenye kampuni kubwa, mwenye mhasibu na wakala wa forodha anayemlipa kila mwezi, wiki hizo mbili labda zinatosha. Kwetu hazitoshi, na sababu kubwa ni bahari.

Juni na Julai ni kusi, upepo wa kusini, imeshika kasi. Chombo kinachotoka Pemba kwenda Mombasa kinasukumwa na upepo, safari nyepesi. Kurudi ndiko kwenye taabu, maana unakuja na upepo usoni, na nahodha mwenye akili hatoki na chombo kilichosheheni katoni mpaka aridhike na bahari. Injini inasaidia, lakini injini haipunguzi mawimbi. Kwa hiyo mzigo ulionunuliwa mwishoni mwa Mei, kwa hesabu za viwango vya Mei, unaweza kukaa Bandari ya Kale ya Mombasa ukisubiri bahari itulie, na unapoteremshwa nyumbani ni Julai. Anayekadiria anafungua jedwali jipya. Ukimwonesha ankara ya Mei anakwambia yeye anatazama siku mzigo ulipofika.

Kisheria huenda yuko sahihi. Lakini mtu aliyekopa mtaji kwa hesabu ya faida ya shilingi kadhaa kwa katoni, akafika bandarini akakuta faida yote na sehemu ya mtaji vimeshachukuliwa na kiwango ambacho hakikuwapo siku aliponunua, mtu huyo amefanya kosa gani? Waliotunga utaratibu wa Julai mosi waliutunga kwa ajili ya lori, ambalo likichelewa linachelewa kwa siku mbili. Kusi halina siku mbili.

3. Cheti cha asili kwetu ni mlolongo, wakati dagaa hawasubiri

Hapa naomba muniwie radhi nikirefusha, kwa sababu hapa ndipo fedha yetu inapopotelea.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Maana yake mzigo wetu unakuja kwa mkupuo: siku za giza dagaa wanamiminika, wachemshaji, wengi wao kina mama, wanachemsha kwa maji ya chumvi mpaka usiku, asubuhi wanaanika chanjani. Jua likiwa zuri dagaa wanakauka upesi na wanang'ara kama fedha. Wakishatiwa kwenye mapolo, yaani magunia, muda unaanza kuhesabika. Hewa ya pwani ina unyevu. Polo likikaa linaanza kuvuta maji, dagaa wanageuka rangi ya manjano na harufu inabadilika.

Ili waingie Kenya bila ushuru ni lazima wawe na cheti cha asili kinachothibitisha kuwa wamevuliwa na kukaushwa kwetu. Bila cheti wanahesabiwa kama mzigo uliotoka nje ya Jumuiya. Hilo ni sawa, sheria ndiyo inavyotaka. Lakini nimewahi kukaa na mapolo yangu bandarini, ada zote nimelipa, cheti cha afya ninacho, dagaa wameshapimwa na kuonekana wazima, na cheti cha asili hakitoki kwa sababu mwenye mamlaka ya kukitia saini yuko Unguja na aliyeachwa Pemba hana ruhusa. Nikaambiwa nitume karatasi. Nikatuma. Nikaambiwa thamani iliyoandikwa haifanani na orodha mpya. Nikaiomba hiyo orodha mpya niione. Sikuoneshwa.

Mzigo ulipofika Mombasa, mnunuzi wangu, mtu tuliyezoeana naye kwa miaka, hakusema neno. Alifungua polo, akaupitisha mkono mpaka chini kabisa, akatoa dagaa mmoja na kumpinda baina ya vidole viwili. Dagaa aliyekauka huvunjika kwa sauti. Yule alipinda, hakuvunjika. Bei ikashuka hapohapo, na sikuwa na la kumjibu kwa sababu alikuwa na haki. Hasara ile haikusababishwa na mvuvi, wala mchemshaji, wala mvua. Ilisababishwa na saini.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ipo tayari. Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: cheti kilichorahisishwa, kwa bidhaa zilizoorodheshwa, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kinatolewa hapohapo mpakani. Wenzetu wa mipaka ya nchi kavu wanakijua. Horohoro na Lunga Lunga wana kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Mimi kwenye bandari ninayoitumia sijawahi kupewa hata fomu yake. Bahari nayo ni mpaka, Waheshimiwa. Na wanaouvuka mpaka huu ni wadogo kuliko wa lori.

4. Kati ya Zanzibar na Bara kwenyewe

Hili ni la zamani na mnalijua kuliko mimi, kwa hiyo sitalirefusha. Forodha ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba. Mzigo ukiingia kupitia Zanzibar unakadiriwa na kulipiwa hapa. Ukivushwa kwenda Bara, unakadiriwa upya na mwenye mzigo anadaiwa tofauti. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ni asilimia 15 huku na 18 kule. Suala hili limetajwa katika vikao vya kero za Muungano miaka nenda miaka rudi. Tunachoomba ni lifike mwisho wake, kwa maandishi ambayo mfanyabiashara anaweza kuyashika mkononi na kumwonesha ofisa bandarini.

Nalileta katika barua hii kwa sababu linakutana na yale ya juu. Mfanyabiashara wa Arusha ana mpaka mmoja baina yake na Kenya. Wa Pemba, akinunua kupitia Tanga, anakutana na mipaka miwili, ingawa nchi ni hizohizo mbili.

5. Jirani naye analipiza, na anayelipizwa ni mvuvi

Historia yetu na Kenya katika jambo hili haifurahishi. Mwaka 2017 nchi mbili zilizuiliana unga wa ngano, gesi ya kupikia, maziwa na sigara, mpaka viongozi wakaingilia kati. Mwaka 2018 Tanzania ikatoza asilimia 25 kwa peremende, biskuti na bidhaa za aina hiyo kutoka Kenya, kwa hoja ya sukari ya viwandani iliyoingizwa bila ushuru. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na mambo yakaanza kutengemaa Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi Mei ya mwaka huo. Tulifarijika sana na safari ile. Tuliona Rais wetu, mtoto wa Zanzibar, anayejua mwenyewe chombo na bandari, amekwenda kuzungumza kama jirani.

Kila mara upande mmoja unapoweka kizuizi, wa pili hutafuta bidhaa ya kujibu nayo. Pemba hatuna kiwanda cha kusubiri ugomvi upite. Tuna dagaa, papa, embe, machungwa na ndizi, vitu vinavyooza. Ikija siku ya kujibiwa, vitakavyooza ni vyetu.

Soko jengine la dagaa wetu ni la Kongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022, na wanunuzi wa Kongo ni watu wakubwa sana katika dagaa wa Zanzibar. Lakini dagaa hao wanakwenda Dar es Salaam, wanapanda lori mpaka Tunduma, wanapita Zambia ambayo si mwanachama wa Jumuiya, ndipo wafike Lubumbashi. Kila kituo kina ada zake, na kila ada anayelipa mnunuzi inakatwa kwenye bei ya mchemshaji wa hapa. Tukimkera na jirani wa karibu kabisa, tutabaki tunategemea njia ile ndefu peke yake.

Waheshimiwa, najua majibu tutakayopewa, kwa sababu tumeshawahi kupewa.

Tutaambiwa tunalinda viwanda vya ndani. Nia hiyo naiheshimu na ningependa watoto wa Pemba wapate ajira za viwandani. Lakini ulinzi wa viwanda una pahala pake ndani ya Jumuiya yenyewe. Upo ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 kimeongezwa kima cha asilimia 35, kwa makusudi hayohayo ya kulinda vya kwetu. Zipo na bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi ya hapo. Kiwanda cha sukari cha Mahonda, Unguja, kikihitaji kulindwa na sukari ya mbali, chombo kipo. Kumtoza jirani ambaye naye tumempa ahadi ya sifuri si ulinzi wa aina hiyo. Na kama kuna hofu kwamba bidhaa fulani ya Kenya imetengenezwa kwa malighafi iliyosamehewa ushuru, basi ichunguzwe bidhaa hiyo, kiwanda hicho, kwa kanuni za asili zilizopo. Kwa nini alipe muuza duka wa Wete?

Tutaambiwa Serikali inahitaji mapato. Inahitaji kweli: hospitali, skuli, barabara za vijijini, sote tunavitaka. Lakini Pemba ina funzo lake katika jambo hili, na funzo hilo ni karafuu. Kwa miaka mingi karafuu zilikuwa zikivushwa usiku kwenda Kenya kupitia bandari bubu. Wakawekwa askari, ikafanywa doria, watu wakakamatwa, na karafuu zikaendelea kwenda. Zilipungua pale Serikali ya Mapinduzi ilipoamua, mwaka 2011, kumpandishia mkulima bei kwa kiwango kikubwa, akaona hana sababu ya kuhatarisha roho yake usiku. Bandari bubu zile bado zipo. Mkiifanya bandari rasmi kuwa ghali, mzigo utahamia kule, na Serikali itakosa hata kile kidogo ilichokuwa ikipata. Wanaobaki bandari rasmi ni sisi tunaotaka kufuata sheria, na sisi ndio tunaopata hasara kwa kuifuata. Jambo hili linaniumiza kuliko hasara yenyewe.

Tutaambiwa Kenya nao wanatutoza. Pahala wanapofanya hivyo wanakosea, na mimi niliyesimama Mombasa na mapolo yangu nalijua hilo. Dawa yake pia ipo. Jumuiya ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo Arusha, na mwaka 2019 iliamua kwamba Uganda ilivunja makubaliano ilipoitoza sigara iliyotengenezwa Kenya ushuru mkubwa kuliko ya Uganda. Aliyekwenda mahakamani pale ni kampuni. Serikali yetu ina nguvu kuliko kampuni. Iende na hoja zetu pale, tutatoa ushahidi, stakabadhi tunazo. Lakini kulipiza kisasi kwa fedha ya mwenye duka wa Pemba hakumuumizi yeyote Nairobi.

Na tutaambiwa, kama kawaida, kwamba suala linashughulikiwa. Hilo tunaomba msituambie tena bila ya kutaja linashughulikiwa na nani na lini litakwisha.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Bidhaa yenye cheti halali cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki isamehewe tozo ya maendeleo ya viwanda na tozo nyengine yoyote ambayo bidhaa kama hiyo ya nyumbani haitozwi. Marekebisho hayo yaingizwe katika Muswada wa Sheria ya Fedha unaokuja. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

(b) Mzigo wenye ankara na hati ya usafirishaji ya kabla ya Julai mosi ukadiriwe kwa kiwango cha siku uliponunuliwa. Kwa mizigo ya majahazi na boti ndogo, uwekwe muda wa kutosha unaozingatia kusi.

(c) Bandari za Wete na Mkoani, pamoja na Malindi kwa wenzetu wa Unguja, ziwe na cheti kilichorahisishwa kwa mizigo midogo, na awepo Pemba ofisa mwenye mamlaka kamili ya kutia saini cheti cha asili siku hiyohiyo. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Linahitaji barua moja ya uteuzi.

(d) Jedwali la viwango vyote, tozo na ada, la Muungano na la Zanzibar, libandikwe bandarini kwa Kiswahili. Sheria ya forodha ya Jumuiya tunayohukumiwa kwayo imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa wanaovusha dagaa hawakisomi.

(e) Tamko la pamoja la Serikali zote mbili kuhusu mzigo uliokwishalipiwa forodha Zanzibar unaokwenda Bara, likiwa na tarehe ya kuanza kazi.

(f) Mikutano ya maoni ya bajeti ifike Pemba kabla viwango havijaamuliwa, na wachemshaji wa dagaa na nahodha wa majahazi wawe miongoni mwa waalikwa. Kwenye vikao nilivyohudhuria sijawahi kuwaona.

Wabunge wetu wa Afrika Mashariki nawaomba jambo moja mahsusi: Tanzania ina wajumbe tisa wa kuchaguliwa katika Bunge lile. Ulizeni mle ndani, kwa swali rasmi, ni bandari ngapi ndogo za mwambao na visiwa ambazo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa unafanya kazi leo. Jibu likiandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, sisi tutajua pa kuanzia.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla vikao vya Bajeti havijaanza. Tuko tayari kuitwa Unguja au Dodoma, na tukiitwa tutakuja na stakabadhi zetu. Lakini tungefurahi zaidi mkija nyinyi Wete siku za giza, wakati dagaa wanateremshwa, mkakaa nasi bandarini kuanzia polo linapofungwa mpaka linapopata ruhusa ya kupakiwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa na bidhaa za dukani,
kwa niaba yangu na ya wenzangu wa bandarini,
Wete, Pemba.